Ngome ya Mey na shamba lake: imewezaje kudumu penye upepo wa chumvi?

MkaaziMkomani
Assalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu. Nimesoma habari za Ngome ya Mey, iliyoko Caithness, ncha ya kaskazini ya Uskoti, ikitazamana na visiwa vya Orkney ng'ambo ya mlangobahari wa Pentland. Ilijengwa na ukoo wa Sinclair kati ya mwaka 1566 na 1572, na hadi leo imesimama, ina bustani, na shamba lake linafuga ng'ombe na kondoo. Nauliza kwa uchungu, kwa kuwa nyumba ya babu yetu hapa Mkomani, Lamu, imeanza kumwaga lipu, boriti mbili za ukumbi wa ndani zimeoza vichwa, na warithi tuko kumi na mmoja, kila mmoja akimngoja mwenziwe atoe kwanza. Wale wamewezaje?

Mwalimu mstaafu, Langoni
Wa aleikum salaam, mwanangu. Hata hiyo ilikaribia kuachwa. Mwaka 1952 Elizabeth, mama yake Malkia Elizabeth II, alikuwa ndiyo kwanza amefiwa na mumewe, Mfalme George VI, alipoikuta katika hali mbaya, paa limeharibiwa na dhoruba. Akainunua mwaka uleule, akaikarabati, akairudishia jina lake la kale, kwani wakati huo ikiitwa Barrogill. Baadaye akaongeza shamba jirani la Longoe, akafuga ng'ombe weusi wasio na pembe wa Aberdeen Angus na kondoo wa Cheviot, na kila mwaka, mwezi wa Agosti na wa Oktoba, akawa anakwenda kukaa.

Lakini lililo kubwa, kwa maoni yangu, alilifanya mwaka 1996, miaka sita kabla ya kufariki kwake: aliikabidhi mali ile kwa bodi ya wadhamini, pamoja na fedha za kuitunza. Neno letu lililo karibu na jambo hilo ni wakfu. Aliyafanya haya angali hai na akili zake timamu, hakuwaachia warithi wavutane.

FundiChokaa
Nami niongeze la ukuta. Bustani ya Mey imezungushiwa ukuta mrefu ambao wenyeji huuita Ukuta Mkuu wa Mey, na bila huo upepo wa bahari ungeunguza kila jani. Ndani yake huota mboga, matunda na mawaridi. Kuhusu nyumba yenu, ndugu yangu, nakusihi msipige saruji juu ya matumbawe. Nimebandua lipu za namna hiyo nikakuta jiwe limelowa, na chumvi imetanda nyuma yake kama unga. Saruji huufungia unyevu ndani, ilhali chokaa huuacha utoke. Boriti zilizooza vichwa badilisheni sasa, kabla dari halijashuka.

Bi Mkubwa wa Shela
Mwalimu amesema kweli, ila mwanangu usilisahau shamba. Wazee wetu walipojenga msikiti hawakuuacha peke yake. Waliuwekea wakfu minazi, ili nazi zinunue mafuta ya taa na mikeka. Mey nayo ina mifugo yake, na majira ya kiangazi hupokea wageni wanaolipa kiingilio. Babu yenu hakuacha shamba?

MkaaziMkomani
Aliacha, Bi Mkubwa, minazi iliyoko upande wa Matondoni, nayo haijagawanywa. Sikuwahi kuifikiria pamoja na nyumba. Nitawaita ndugu zangu baada ya sala ya Ijumaa. Shida ni kwamba mmoja wetu ni mtoto wa miaka tisa, yatima wa kaka yetu.

Mwalimu mstaafu, Langoni
Fungu la yatima msiliguse mpaka abaleghe na aamue mwenyewe. Nyinyi kumi mnaweza kuanza na mafungu yenu, baada ya kumwona kadhi, na muandike waziwazi ni nani msimamizi na mapato ya nazi yatatumika wapi. Boriti ziwe za kwanza.