Ninamuuguza mume wangu mwenye afasia, nami nimechoka

Swali
Ndugu zangu, mume wangu alipata kiharusi miezi minane iliyopita, kikamwachia afasia, yaani shida ya kutumia lugha, na tangu hapo kila anachokitaka, yawe maji au kandambili, hukiita "kesho". Mimi hukisia, nikikosea mara tatu hupiga meza kwa kiganja, kisha sote wawili tunanyamaza. Silali vizuri, na jumuiya ya kina mama nimeiacha. Je, ninayo haki ya kulalamika ilhali mgonjwa ni yeye?

Jibu
Pole sana, dada. Haki unayo. Afasia huvuruga lugha, mara nyingi kutokana na madhara kwenye upande wa kushoto wa ubongo, wala haiondoi akili, ndiyo maana hukasirika asipoeleweka. Mwulize maswali ya ndiyo au hapana, mwonyeshe kitu chenyewe, na usikimbilie kummalizia sentensi. Hata wewe utapumua, kwa kuwa kukisia kutwa nzima ni kazi.

Jibu
Nilimuuguza mama kwa miaka minne. Kilichoniokoa ni wifi yangu, aliyekuja kila Jumamosi asubuhi ili nitoke. Usiwaambie ndugu "nisaidieni" tu. Watajie siku na saa.

Muulizaji
Ahsanteni. Nitamwomba shemeji Jumamosi. Jana mume wangu aliimba wimbo wa kanisani bila kukosea neno, nami nikalia.

Jibu la kwanza tena
Wengi huweza kuimba hata maneno ya kawaida yanapogoma. Imba naye. Na usingizi usiporudi, mwone daktari kwa ajili yako mwenyewe.