Mjadala: Je, wananchi wa Guyana ya Kifaransa walikuwa na haki ya kuizuia roketi iliyokuwa tayari kurushwa?

Mleta mada

Tarehe 20 Machi 2017, Ariane 5, roketi nzito ya Ulaya, ilikuwa imesimama ndani ya jengo la kuunganishia katika kituo cha kurushia roketi cha Kourou, Guyana ya Kifaransa, eneo la Ufaransa lililoko Amerika Kusini, ikiwa na setilaiti mbili kichwani, ikisubiri kuvutwa juu ya reli umbali usiofika kilomita 3 hadi uwanja wa kurushia. Ilikuwa iruke kesho yake, lakini haikutoka. Wafanyakazi wa mkandarasi mmojawapo waligoma, lango la kituo likazibwa kwa vizuizi, na kufikia tarehe 27 mgomo ulikuwa umeenea Guyana ya Kifaransa nzima. Watu walidai mishahara, usalama, shule, na hospitali ya Kourou isiuzwe kwa watu binafsi. Roketi ilisubiri wiki sita, ikaruka tarehe 4 Mei.

Mimi ninashikilia kwamba walikuwa na haki, na sababu yangu imo katika namna roketi hii ilivyokuwa ikiandaliwa. Hatua yake kuu, yaani sehemu kubwa ya chini yenye injini yake, iliundwa Ufaransa na hatua ya juu Ujerumani, zikavushwa bahari ya Atlantiki kwa meli hadi bandari ndogo ya Kourou. Setilaiti zilishushwa Cayenne, mji mkuu wa eneo hilo, na ndege kubwa za mizigo, zikasafirishwa kwa barabara, kisha zikaingizwa katika vyumba visivyo na vumbi ambamo hukaguliwa na wahandisi wa waliozitengeneza. Kwa muda wote huo mwenyeji ni mtazamaji. Zamu yake hufika pale tu ambapo mzigo huo wenye thamani ya mamia ya mamilioni ya yuro unapopaswa kupita barabarani kwake na kusukumwa kwa mikono ya vibarua wake. Asiposema hapo, atasemea wapi? Shughuli za anga zinakadiriwa kuchangia asilimia 15 hivi ya uchumi wa eneo hilo, ilhali mwaka ule zaidi ya mtu mmoja kati ya watano wenye uwezo wa kufanya kazi hakuwa na ajira, na viko vijiji kando ya mto Maroni ambavyo havikuwa na umeme wa uhakika. Kundi lililoongoza madai lilijiita, kwa Kikrioli chao, kwa maneno yenye maana ya kutaka Guyana nayo ipae. Sidhani kama waliteleza ulimi.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umelieleza jambo vizuri, ila umelipunja. Si kweli kwamba mwenyeji ni mtazamaji hadi siku ya mwisho. Ariane 5 ilikuwa na maroketi mawili ya pembeni, kila moja likibeba takriban tani 240 za mafuta makavu, yaani yasiyo ya kimiminika. Kila roketi hilo liliundwa kwa vipande vitatu: kile kidogo cha mbele kilijazwa Italia, lakini vile viwili vikubwa vilijazwa papo hapo Guyana, katika kiwanda kilichojengwa makusudi kwa kuwa si busara kusafirisha mzigo kama huo baharini. Kwa hiyo ajira zipo, na ni za ufundi wa hali ya juu. Ukitaka kulaumu, laumu mgawanyo wa ajira hizo kati ya wenyeji na wanaotoka Ulaya, usiseme kwamba hazipo.

Pili, hukututajia setilaiti zilizokuwa kichwani mwa roketi hiyo ni za nani. Moja ilikuwa Koreasat-7 ya Korea Kusini. Ya pili, SGDC, ilikuwa ya Brazil, na ilikusudiwa kulipatia jeshi la nchi hiyo mawasiliano yake yenyewe pamoja na kufikisha intaneti katika maeneo ya mbali, Amazonia ikiwemo. Amazonia ndiyo jirani wa Guyana mpakani! Maskini wa upande mmoja wa mpaka alimzuilia maskini wa upande wa pili, huku waliolengwa wakiwa Paris.

Tena kusubiri si kama kuliacha gari gereji. Setilaiti za namna hii hujazwa kabla ya kupandishwa mafuta ya jamii ya haidrazini, ambayo ni sumu kiasi kwamba mafundi huvaa mavazi yaliyofungwa kabisa na kupumua hewa inayoletwa kwa bomba. Zikishajazwa na kufungiwa ndani ya kichwa cha roketi, moja juu ya nyingine, hazifai kuachwa bila uangalizi wa kila siku. Mgomo wa kuwafungia nje waangalizi ni mchezo wa kiberiti penye petroli.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mtu wa pwani ya Malindi, na naomba niingie kwa sababu jambo hili si geni kwetu. Hapo Ngomeni, baharini, yamesimama majukwaa ya chuma ya San Marco, ambako Waitalia walianza kurusha setilaiti mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Tangu 1988 hakuna setilaiti iliyorushwa pale, lakini kila baada ya miaka michache husikika sauti zinazotaka kazi hiyo irudi, kwa hoja kwamba tuko karibu na Ikweta kuliko hata Kourou.

Wanaosema hivyo hawatofautishi mtumbwi na jahazi. Scout, roketi iliyotumika Ngomeni, ilikuwa na uzito wa tani 20 hivi, mafuta yake yote makavu, na iliweza kuandaliwa juu ya jukwaa moja baharini. Ariane 5 ilikuwa na tani zipatazo 780, na hatua yake kuu ilijazwa siku ya kuruka oksijeni na haidrojeni za kimiminika, hii ya mwisho ikiwa na baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Kwa hiyo unahitaji viwanda, reli, bandari na mamia ya kilomita za mraba za ardhi tupu. Kourou ardhi hiyo haikuwa tupu. Wakazi waliondolewa katika miaka ya 1960, na uchungu wake haujaisha. Hivyo jibu langu kwa mleta mada ni kwamba mwaka 2017 walikuwa na haki, ila walikuwa wamechelewa miaka 50. Nasi wa Ngomeni, kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa, mapatano yaandike nani ataajiriwa, zahanati itajengwa wapi, na mvuvi atalipwa nini siku anapozuiwa kwenda baharini.

Mleta mada

Nawashukuru wote wawili. Kuhusu mafuta makavu nimesahihishwa, na kuhusu Brazil sina la kujitetea: maumivu yalimfikia asiyehusika. Lakini hoja ya kiberiti siikubali. Roketi ilibaki ndani ya jengo lake, na hata wajumbe wa waandamanaji walipokesha ndani ya kituo tarehe 4 Aprili hawakugusa mtambo wowote. Hasara nayo isikuzwe. Mwaka huohuo Ariane 5 iliruka mara 6, pungufu ya safari moja tu kulinganisha na 2016.

Upande wa pili wa mizani upo waziwazi. Serikali ya Ufaransa ilianza kwa kutoa yuro bilioni 1 na ushei; waandamanaji wakadai bilioni 2.5 zaidi, wakaambiwa kwamba dai hilo haliendani na uhalisia. Kisha tarehe 21 Aprili serikali hiyohiyo ikatia saini makubaliano yaliyofungua mlango wa madai hayo. Baada ya siku 13 roketi iliruka. Anayeamini kwamba barua na vikao vingefika hapo bila roketi kukwama atuoneshe barua iliyowahi kufika. Na ndugu wa Malindi, ningependa utufafanulie zaidi hilo la mvuvi: alipwe kwa siku ambayo roketi imeruka, au hata kwa siku ambayo bahari ilifungwa, kisha safari ikaahirishwa?