Naombeni ushauri: binti anataka sherehe nyumbani, sisi hatupo
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 17, kamaliza mtihani wa kidato cha nne juzi. Anaomba Jumamosi awaalike wenzake 15 hapa kwetu Mikindani, wapike pilau, wafungulie muziki. Siku hiyo mimi na baba yake tutakuwa Newala kupeleka korosho ghalani, tunalala huko. Ni msikivu, hata ufunguo wa duka namwachia. Hofu yangu ni wageni wa wageni, na huu msimu wa uraka, ile pombe ya mabibo ya mkorosho: mwaka jana kwa jirani vijana waliingiza kidumu wakidai ni juisi, mmoja akatapika hadi alfajiri. Nimwombe mama yake mdogo aje kulala, au binti ataona simwamini? Mliowahi kuruhusu, mliweka masharti gani?