Royalty kwenye mkataba, leseni na habari za ikulu: neno lipi la Kiswahili?

Mtafsiri wa Tanga:
Wakuu, nina nyaraka tatu za kutafsiri na zote zina neno royalty: mkataba wa mwandishi na mchapishaji, leseni ya kuchimba dhahabu, na habari ya harusi ya kifalme Uingereza. Neno moja linatosha? Na "royalty-free" maana yake bure?

Kamusi Mkononi:
Halitoshi, mkuu. Ikiwa ni watu, andika "ukoo wa kifalme". Ikiwa ni pesa, andika "mrabaha", wingi "mirabaha". Ndivyo wanavyosema watu wa madini na wasanii pia.

Ukikuta royalties, kwa wingi, karibu kila mara ni pesa. Mtego uko kwenye umoja: soma kinachofuata. Kikiwa kiwango au asilimia, ni mrabaha. Kikiwa kitendo cha mtu, kama kuwasili au kuketi, ni ukoo. Usimwingize humo kila lodi. Cheo peke yake hakimfanyi mtu awe wa ukoo wa mfalme.

Angalia pia isiwe loyalty, yaani uaminifu. R na l zimeharibu tafsiri nyingi.

Mzee wa Mgodini:
Maana zote mbili zinatoka kwenye kiti cha enzi. Neno lilitoka Kifaransa cha kale, likibeba ufalme pamoja na haki za mfalme. Uingereza, dhahabu na fedha zilizo ardhini zilikuwa za mfalme. Mwaka 1568, katika kesi ya Malkia Elizabeth I na Earl wa Northumberland, majaji walimpa malkia hata shaba kwa kuwa mbale yake, yaani mawe yanayotoa shaba, ilikuwa na dhahabu au fedha ndani. Anayetaka kuchimba analipia haki hiyo, na jina la haki likahamia kwenye malipo. Hataza, yaani haki za uvumbuzi, na vitabu vilifuata baadaye.

Kwenye leseni usiandike "gawio". Gawio hutoka kwenye faida. Mrabaha hutozwa kwenye thamani ghafi ya madini, hata mgodi ukila hasara. Tanzania iliupandisha kwa dhahabu kutoka 4% hadi 6% mwaka 2017.

Mhariri:
Kwenye mkataba wa kitabu, tafsiri kwa makini asilimia ni ya nini. Kitabu cha sh 20,000, mrabaha 10% ya bei ya jalada: mwandishi anapata 2,000 kwa nakala. Ikiwa ni 10% ya mapato halisi ya mchapishaji, na duka limepewa punguzo la 40%, hesabu inaanzia 12,000 na mwandishi anabaki na 1,200. Ukiandika "10% ya mauzo" umefuta tofauti hiyo, na hapo ndipo ugomvi huanzia. "Advance" ni malipo ya awali ya mrabaha: hukatwa kwanza, ndipo mwandishi aanze kulipwa tena.

"Royalty-free" si bure. Mara nyingi unanunua leseni ya picha au muziki mara moja, kisha hulipi tena kwa kila matumizi. Andika "bila mrabaha wa kila matumizi". Haki miliki inabaki kwa mwenyewe.