Nimekulia juu ya mkarafuu, judo inanitaka nianguke

Mchumaji wa Wete: Asalaam aleikum. Nina miaka 31, nachuma karafuu tangu skuli. Huu ni mwezi wangu wa nne nafanya judo, nimekwama kwenye kuanguka. Juu ya mkarafuu unafunzwa kushikilia tu. Basi nikitupwa, mkono unakwenda nyuma wenyewe kutafuta tawi! Juzi kiganja kimevimba, mke wangu akanikanda kwa maji ya chumvi huku anacheka. Wenzangu washabadilisha mikanda, wangu bado mweupe pe, wa anayeanza. Nifanyeje?

Mama Watatu: Pole kaka. Mkono huo ndio unaovunja watu kifundo. Rudi chini kabisa: chuchumaa, kidevu kifuani kama unatazama fundo la mkanda, jiachie nyuma, upige mkeka kwa mkono mzima, si kiganja peke yake. Kichwa kisiguse. Ndiyo ukemi hiyo, kuanguka bila kuumia. Mimi nilianzia kwenye godoro la sufi chumbani, 50 kila usiku, watoto wanahesabu. Na wakinidhulumu hesabu, wallahi.

Babu Forodhani: Mkanda usikutie homa. Jigoro Kano alipoanzisha judo Tokyo mwaka 1882 alikuwa na chumba cha mikeka 12 tu. Wewe una mkeka, una wa kukutupa, wataka nini tena?

Mchumaji wa Wete: Ahsanteni. Leo alfajiri nimefika 32, mgongo ukakataa. Mkono umetii mara mbili. Sasa mke wangu anauliza: msimu ukifika, huko juu mkono utajua upo wapi?