Mjadala: Nchi moja isipofika, kikao cha Wakuu wa Nchi za Afrika Mashariki kiendelee au kiahirishwe?

Mwanakanuni

Naweka hoja mezani. Novemba 30, 2018 marais walikusanyika Arusha kwa Mkutano wa 20 wa Wakuu wa Nchi wa Jumuiya. Nchi mbili ziliwakilishwa na mawaziri. Burundi haikuleta mtu. Akidi ya mkutano ule, yaani idadi ya nchi zinazotakiwa ili kikao kiwe halali, ni nchi zote, basi kikao kikaahirishwa. Ikatajwa Desemba 27, nayo ikapita patupu, hadi kikao kikafanyika Februari 1, 2019.

Wakati ule nchi wanachama zilikuwa 6. Leo ni 8: Kongo iliingia 2022, Somalia ikakamilisha taratibu zake Machi 2024. Kila mwanachama mpya ni kiti kingine kinachoweza kubaki tupu, na baadhi ya wenye viti hivyo hawasalimiani. Je, tubaki na utaratibu wa wote wawepo na wote wakubali, au tuulegeze? Tujadili kwa ibara, si kwa bendera.

Wakili wa Njiro

Ndugu Mwanakanuni, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyafunga furushi moja: akidi na maafikiano.

Maafikiano yamo ndani ya Mkataba wenyewe ulioanzisha Jumuiya. Ibara ya 12(3) inasema maamuzi ya Wakuu wa Nchi yatafikiwa kwa maafikiano. Kuigusa ibara hiyo ni kupitia Ibara ya 150: pendekezo linapelekwa kwa Katibu Mkuu, naye ana siku 30 za kulisambaza, nchi zina siku 90 za kutoa maoni, Wakuu wote wakubali, kisha kila nchi iridhie. Bunge la nchi moja likilikalia faili, marekebisho yamelala.

Idadi ya nchi zinazotakiwa ili kikao kifunguliwe haimo katika Ibara ya 12. Imo kwenye kanuni za uendeshaji, na Ibara ya 12(4) inawaachia Wakuu wajitungie kanuni hizo. Kwa hiyo akidi inaweza kubadilishwa kwa uamuzi wa kikao kimoja, bila bunge lolote kuridhia. Msimamo wangu: maafikiano yabaki, akidi iwe theluthi mbili kama ilivyo Umoja wa Afrika na SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Kwa nchi 8 hiyo ni nchi 6. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mwana wa Gitega

Wakili, methali hiyo ni ya harusini. Hapa tunazungumzia mataifa.

Akidi ya wote ni ngao ya mdogo. Mnasema maafikiano yatabaki, lakini maafikiano ya nani? Mkiwa 6 mkaafikiana, mmezifunga 8, maana nchi haiwezi kusema haihusiki na uamuzi wa Jumuiya yake. Hapo hamkugeuza kanuni ya kikao. Mmebadilisha Ibara ya 12(3) kwa mlango wa nyuma, bila kupita 150.

Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, tena ilikuwa na nchi 3 tu. Walioandika Mkataba wa 1999 walijua wanachokiandika walipoweka maafikiano: hakuna nchi itakayoamka asubuhi ikute imeamuliwa.

Wakili wa Njiro

Mzee wangu wa Gitega, hoja yako ingekuwa na nguvu zaidi kama maafikiano yangekuwa sawa na kauli moja. Baraza la Mawaziri liliuliza hilo mwaka 2008, na Aprili 2009 Mahakama ya Afrika Mashariki ikatoa maoni yake: maafikiano si lazima yawe kauli moja ya kila nchi. Mahakama ikasema pia kwamba kanuni ya mwendo tofauti iliyomo Ibara ya 7, yaani baadhi ya nchi kutangulia na wengine kufuata, haigongani na maafikiano ikitumiwa ipasavyo.

Kinachozuia kikao hapa si pingamizi. Nchi inayopinga inakaa, inasema sababu, inaandikwa kwenye kumbukumbu, na wenzake wanapata cha kujadili. Nchi isiyofika haisemi kitu, na bado inashinda. Hiyo ni kura ya turufu isiyodai hata kutolewa sababu.

Bibi Ajenda

Mnabishania ghorofa ya juu, jamani. Shughuli nyingi hukwama chini kabisa.

Mikutano ya kisekta huenda kwa ngazi tatu mfululizo ndani ya wiki moja: wataalamu, kisha makatibu wakuu, kisha mawaziri. Ripoti ya wataalamu ndiyo chakula cha makatibu wakuu, na ya makatibu wakuu ndiyo ya mawaziri. Ujumbe wa nchi moja usipotokea Jumatatu, wataalamu wa nchi nyingine wanaweza kuzungumza lakini ripoti haipandi, na waziri anayefika Ijumaa hana cha kusaini. Tiketi na hoteli vimeshalipwa. Kikao kinapangwa upya kwa robo mwaka ijayo, ambako nako ajenda zimeshajaa.

Aina ya pili ni nchi iliyofika lakini kiongozi wa ujumbe anasema hajapata maelekezo kutoka nyumbani. Haijapinga, haijakubali. Mwenyekiti makini huuliza papo hapo maelekezo yatafika tarehe ngapi, na tarehe hiyo inaandikwa. Asipouliza, suala lile lile litarudi kikao kijacho likiwa na namba mpya ya ajenda.

Na akipinga rasmi, Ibara ya 15 inasema Baraza haliwezi kuendelea na pendekezo hilo: pingamizi lisipoondolewa, suala linapanda kwa Wakuu. Ndiyo maana marais, ambao Mkataba unawataka wakutane angalau mara moja kwa mwaka, hujikuta wanaletewa mambo ya viwango vya ushuru ambayo mawaziri wangeyamaliza.

Mchumi wa Kampala

Mie sioni haja ya kubadilisha lolote. Mwendo tofauti unatosha, na umeshatumika.

Chukueni mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya. Mazungumzo yalikamilika 2014. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikasaini, Tanzania ikakataa, na kwa kuwa ulikuwa mkataba wa kundi zima, ukaganda. Kenya ndiyo iliyoumia zaidi kwa sababu yenyewe haikuwa kwenye orodha ya nchi maskini zaidi, ambazo bidhaa zake huingia Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Februari 2021 Wakuu wakaruhusu nchi zilizo tayari zitangulie. Kenya ikasaini Desemba 18, 2023, mkataba ukaanza kazi Julai 1, 2024. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna akidi iliyoguswa.

Vivyo hivyo vitambulisho: tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa, wala hatukusubiri kila mtu.

Mwanakanuni

Mchumi, mfano wa Ulaya unakuumbua. Ruhusa ile ya 2021 ilitolewa na nani? Na Wakuu, katika kikao chenye akidi. Kungekuwa na kiti tupu siku ile, Kenya ingeendelea kusubiri.

Tena yapo mambo yasiyogawanyika. Bajeti haipitishwi kwa mwendo tofauti. Katibu Mkuu hateuliwi na nchi tatu. Mwanachama mpya haingii nusu.

Mhasibu wa Jumuiya

Nasubiri mtu ataje fedha, naona wote mnaruka.

Kwa Ibara ya 132 nchi zinachangia bajeti sawa kwa sawa. Kwa miaka ya karibuni ni takribani dola milioni 7 kila nchi kwa mwaka. Kiasi hicho kwa Nairobi si sawa na kwa Juba, na malimbikizo yameota mizizi. Kuna pendekezo la kugawa asilimia 65 sawa kwa wote na asilimia 35 kwa kadiri ya uwezo, nalo limejadiliwa muda mrefu kupita kiasi.

Sasa someni Ibara ya 146: nchi inaweza kusimamishwa kushiriki shughuli za Jumuiya kwa kutotimiza misingi ya Mkataba, pamoja na kutolipa michango kwa miezi 18. Ibara ya 147 inaruhusu kufukuzwa kwa ukiukaji mkubwa wa kudumu, kwa notisi ya miezi 12. Na 148 ndiyo tamu kuliko zote: nchi inayojadiliwa kusimamishwa au kufukuzwa, maoni yake hayahesabiwi katika kufikia uamuzi. Kwa hiyo Mkataba wenyewe unakubali kwamba Wakuu wanaweza kuafikiana bila nchi moja. Ndugu wa Gitega, mlango huo haukufunguliwa na Wakili. Umo tangu 1999.

Mwana wa Gitega

Umo kama hali ya pekee iliyo nje ya kanuni, Mhasibu. Waandishi waliutaja kwa hali mbili tu, kusimamishwa na kufukuzwa. Wangetaka uwe wa jumla wasingeandika ibara ya peke yake. Kwangu mimi 148 inathibitisha kwamba penginepo kote kila nchi inahesabiwa.

Na tuambie: miezi 18 imeshapita kwa nchi ngapi, na ngapi zimesimamishwa?

Mhasibu wa Jumuiya

Hakuna hata moja. Sababu yake iko ndani ya 148 yenyewe: anayeondolewa ni mdaiwa mmoja tu. Wadaiwa wengine bado wako mezani na lazima waafiki, na nani atafungua njia ambayo mwakani yaweza kumpitia yeye? Adhabu pekee iliyoandikwa ni kubwa mno, hivyo haitumiki.

Umoja wa Afrika ulirekebisha hilo 2018 kwa kuweka ngazi. Adhabu huanzia ndogo, kama kunyimwa nafasi ya kuzungumza kikaoni, na hupanda kadiri deni linavyokaa. Sisi tuna Ibara ya 143, inayosema nchi isiyotimiza wajibu wake wa fedha itachukuliwa hatua ambazo Wakuu wataamua kwa pendekezo la Baraza. Hatua zipi, haijasema. Hapo ndipo pa kujaza ngazi, bila kugusa Mkataba: miezi 6, nchi haipendekezi mtu kwenye nafasi za ajira, miezi 12, haipewi uenyekiti wa vikao, miezi 18, ndipo 146. Ziwe za kujiendesha zenyewe, Katibu Mkuu atangaze tarehe ikifika, asisubiri mtu kuafiki.

Sauti ya Kivu

Tusaidiane kwa jambo moja. Januari 29, 2025, Goma ilipokuwa inaanguka, kulifanyika kikao cha dharura kwa njia ya video. Rais wa Kongo hakujiunga. Kikao kikaendelea, na tamko likaitaka serikali ya Kinshasa izungumze moja kwa moja na wadau wote, wakiwemo waasi wa M23. Yaani nchi inayojadiliwa zaidi ndiyo ambayo kiongozi wake hakuwepo.

Wakili atasema: asiyekuwepo na lake halipo. Ndugu wa Gitega atasema: mmeona? Mimi nasema tamko lile halikuwa na uzito kule lilikoelekezwa. Siku kumi baadaye, Februari 8, Dar es Salaam, wakakaa pamoja Wakuu wa Jumuiya na wa SADC, Rais wetu akaingia kwa video, na hapo angalau mazungumzo yalikuwa na pande zote. Mkishusha akidi, mtapata matamko mengi kwa haraka. Utekelezaji je?

Wakili wa Njiro

Hilo nalikubali, dada wa Kivu, na ndiyo maana nadhani akidi isiwe moja kwa kila jambo. Masuala ya amani yanayoitaja nchi, uanachama mpya na mabadiliko ya Mkataba: nchi zote. Bajeti, uteuzi, ripoti za Baraza na mambo ya kawaida: nchi 6.

Mwanakanuni

Angalieni pia namna Bunge la Afrika Mashariki linavyobanwa. Ibara ya 57 inataka nusu ya wabunge wa kuchaguliwa, na ndani ya nusu hiyo angalau theluthi moja ya wabunge wa kila nchi. Kwa nchi 8 zenye wabunge 9 kila moja ni 72, kwa hiyo wanatakiwa 36, wakiwemo angalau watatu kutoka kila nchi. Maana yake wabunge 7 wa nchi moja wakitoka nje, hata ukumbi ukiwa na watu 65, akidi imevunjika. Desemba 2017 wabunge wa Tanzania na Burundi waliposusia uchaguzi wa Spika, uchaguzi ukafanyika hivyo hivyo, kisha Burundi ikaenda mahakamani. Atakayeandika kanuni mpya ya Wakuu asiinakili hiyo.

Bibi Ajenda

Basi tuandike, tusizunguke. Rasimu yangu:

"Akidi ya Mkutano itakuwa theluthi mbili ya nchi wanachama, isipokuwa kwa masuala yaliyoorodheshwa katika jedwali, ambayo yatahitaji nchi zote. Pale ambapo akidi ya nchi zote haikutimia kwa mara ya kwanza, Mkutano utaitishwa tena ndani ya siku 30 kwa ajenda ile ile, na nchi zitakazohudhuria, zisizopungua theluthi mbili, zitakuwa akidi halali. Nchi isiyohudhuria itakuwa na siku 60 za kuwasilisha pingamizi la maandishi lenye sababu, na utekelezaji dhidi yake utasimama hadi kikao kinachofuata."

Mwana wa Gitega

Hizo siku 60 za pingamizi zinanisogeza kidogo. Bado siafiki, lakini angalau hapo pana kitu cha kushika. Ongeza kwamba kuhudhuria kwa video ni kuhudhuria, na kwamba nchi inaweza kuwakilishwa na waziri mwenye barua ya mamlaka. Mawaziri walikubaliwa 2018, kwa hiyo liandikwe.

Mchumi wa Kampala

Na nani ataipitisha? Kikao cha kubadilisha akidi nacho kinataka nchi zote.

Wakili wa Njiro

Ndiyo, mara moja. Ipelekwe kwenye kikao cha kawaida ambacho kila nchi ina jambo lake kwenye ajenda, iwekwe kabla ya mambo hayo.

Bibi Ajenda

Kimebaki kifungu cha notisi. Nimeandika siku 14 kwa kikao cha kawaida na siku 3 kwa cha dharura. Zihesabiwe tangu barua ilipotumwa na Sekretarieti, au tangu wizara ya Afrika Mashariki ya nchi husika ilipogonga muhuri wa kupokea? Tukiacha wazi, nchi isiyotaka kuja itasema barua haikufika.