Naomba ushauri: barua za hospitali zenye "huenda" naziwekaje kwenye rekodi ya mgonjwa?

Habari zenu wakuu. Nipo Uingereza, mwezi wa tatu sasa kwenye kliniki ya madaktari wa familia. Nasoma barua zinazotoka hospitali, kisha naingiza ugonjwa, dawa na vipimo kwenye rekodi ya mgonjwa kwa misimbo ya SNOMED CT, yaani orodha ya kitabibu ambayo kila ugonjwa, dalili au dawa ina namba yake. Kinachoninyima usingizi ni barua za "huenda ni kifafa". Nikiweka msimbo wa kifafa, mtu anaweza kuja kusumbuliwa leseni ya udereva kwa dhana tu. Nisipoweka, daktari asiyeifungua barua hataona kitu. Msimamizi anasema tumia akili. Akili ipi, mimi si daktari! Mliowahi kuifanya kazi hii, mnaweka dalili tu mpaka majibu yatoke, au kila barua ya hivyo mnamrudishia daktari?